Gitaa la Tatu

3 Februari

Shemeji Randa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Dada yako hajambo. Anasema ukiendelea kuiacha simu ilie hivyo atakuja mwenyewe kukuvuta masikio, na unamjua, hatanii. Mimi nimeona heri nishike kalamu.

Gitaa lilifika salama, sasa ni wiki ya tatu. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka tuzoeane kwanza. Kwa sura sijawahi kupokea kitu kizuri namna hii kutoka mikononi mwako. Hata yule mama wa ghorofa ya chini, ambaye miaka yote hugonga dari kwa ufagio nikianza kupiga, alipanda ngazi kuja kulitazama. Lakini nikwambie ukweli? Haliimbi. Sauti inatoka kama ya mtu aliye chumba cha pili. Nikidonoa taratibu, haisikiki. Nikidonoa kwa nguvu, inakwaruza. Na noti nyingine zinakufa kabla sijaziachia.

Unajua mimi si mlalamishi wa kazi yako. Lile la kwanza ulilonitengenezea, dogo, la mwerezi, nililipiga miaka tisa. Lilikuwa na pumzi fupi. Noti inazaliwa na kuzikwa papo hapo, nami nikajifunza kukimbia, kujaza nafasi kabla kimya hakijaingia. Watu wakanisifu kwa wepesi wa vidole, kumbe wepesi ulikuwa wa gitaa. La pili, lenye kifua kipana na mgongo wa mninga, lilikuja na besi kama mtu mzito anayetembea ghorofa ya juu. Gumba langu likapata kazi, nami nikapata jina. Nyimbo zangu zote za miaka ile zinatembea, hakuna inayokimbia. Kwa hiyo nilikuwa nangoja kuona la tatu litanifundisha nini, na mpaka sasa linanifundisha kunyamaza.

Nisingekusumbua, ila Mei naingia kurekodi. Nyimbo kumi na mbili, mimi peke yangu, bila mwimbaji wala ngoma. Miaka ishirini na sita nimepiga kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli ile ile. Hii ni mara ya kwanza mtu kuniomba nipige bila mtu mwingine kutafuna. Nina miaka hamsini na minane na nimechoka, shemeji. Sitaki kuingia pale na gitaa ambalo tunabishana.

Shemeji yako,
Gumba


11 Februari

Shemeji,

Barua nimeipata. Simu ni mbovu.

Gitaa hilo limenichukua miezi saba. Ubao wa kifuani niliuhifadhi darini miaka kumi na miwili ukauke bila haraka. Kila kipimo kimo daftarini na naweza kukutumia nakala. Limetoka hapa likiwa zima.

Gitaa jipya ni mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu umpe jembe, nawe wiki tatu bado umemkalisha kwenye kiti. Lipige saa tatu kila siku, mwezi mzima, ndipo uniambie.

Na usikasirike nikikuuliza: una hakika tatizo ni gitaa? Mchagua jembe si mkulima.

Msalimie mdogo wangu.

Randa


19 Februari

Shemeji,

Mchagua jembe si mkulima. Sawa. Nimemsomea dada yako kwa sauti, akacheka. Mimi sikucheka.

Nimelima. Saa tatu kila siku, kama daktari alivyoandika. Gitaa ni lile lile. Vidole vyangu navyo havijambo, ahsante kwa kuviulizia, vina afya kuliko nywele zako. Kama fundi hapendi kuambiwa neno juu ya kazi yake, aseme tu, tutamwekea kazi yake kwenye kabati la vioo tuwe tunaipungia mkono.

Nitarekodi na lile la pili. Sitaandika tena juu ya jambo hili.

Gumba


20 Februari

Kaka yangu,

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Ameondoka sasa hivi kwenda hotelini na barua yake kwako iko mfukoni, ataitia posta njiani. Najua imejaa pilipili. Isome halafu uisahau.

Kaka, mume wangu ana ganzi. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto, kile cha pete na kile kidogo. Ilianza mwaka jana kama mzaha, akawa anakung'uta mkono kama mtu aliyeulalia. Sasa vikombe vinamponyoka. Vifungo vya shati namfunga mimi, naye anajifanya ni mapenzi. Daktari anasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, na sababu ni miaka mingi ya kuukunja mkono ule juu ya shingo ya gitaa. Hotelini hawajui. Watu wa kurekodi hawajui. Wewe ndiwe uliyetakiwa usijue kabisa, maana anasema fundi akijua mpigaji wake amekwisha, moyo wake unahama.

Ulipomwuliza kama ana hakika ni gitaa, alikaa na barua yako jikoni mpaka chai ikapoa. Akaniambia, "Kaka yako ameng'amua." Nikamwuliza, kwani gitaa lina nini? Akasema, "Gitaa ni zuri. Noti zinakufa kwa sababu sizibani sawasawa. Nimelisingizia."

Sasa nakuomba kitu, na ukikataa nitaelewa. Mwandikie kwamba kosa ni lako. Mwambie alirudishe ulirekebishe. Kaa nalo wiki mbili tatu, ulirudishe. Apate pa kupumulia. Mtu akishaona ni yeye tu mwenye kasoro, haendi kurekodi wala haendi kwa daktari. Anakaa.

Najua namwomba fundi aitukane kazi yake mwenyewe. Nimechoka, kaka. Kumfunga mtu vifungo ukijifanya huoni ni kazi.

Mdogo wako


27 Februari

Mdogo wangu,

Nitafanya ulivyosema.

Ila nikuambie jambo lisilopendeza, kwa kuwa wewe ndiwe peke yako ninayeweza kukuambia. Nilipomaliza kuisoma barua yako nilifurahi. Shemeji yangu ana ganzi mkononi, mkono ambao nimeutengenezea magitaa miaka ishirini, nami nilisimama katikati ya karakana nikashusha pumzi kama mtu aliyeachiwa huru. Halafu nikajionea aibu, nikaketi.

Usiniulize sababu. Barua yake naituma leo leo, kwa bahasha yake.

Kaka yako


27 Februari

Shemeji,

Nilikujibu vibaya. Ulikuwa na haki ya kusema na mimi sikuwa na haki ya kukupiga methali.

Nimelipitia daftari upya. Naona huenda kifua nilikiacha kizito kuliko inavyotakiwa. Hutokea, hata kwa sisi tulioota mvi kazini. Lirudishe kwa gari la mizigo, nililegeze. Legeza nyuzi kabla hujalifunga, na uweke nguo kuukuu chini ya shingo.

Randa


6 Machi

Shemeji,

Limeondoka leo. Nguo iliyo chini ya shingo ni kanzu kuukuu ya dada yako ya nyumbani, usiitupe, ameshaiulizia.

Nilikuwa nimejiandaa ubishe. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kukujibu ukibisha. Mtu unayetaka kupigana naye akikupa kiti, unabaki umeinua mkono hujui uuweke wapi.

Kuna jambo nilitaka kuliandika hapa. Nimeandika mistari minne nikaikata, utaona wino. Tuliache. Fanya kazi yako kwa nafasi, hakuna haraka.

Gumba


2 Aprili

Kaka,

Mbona kimya? Wiki nne. Nilikuomba uongo mdogo, sikukuomba upotee nao.

Sasa anaamini ulikasirika ukaificha hasira. Jana watu wa kurekodi wamepiga simu kuuliza tarehe. Amewaambia atawajibu katikati ya mwezi. Namjua, jibu analolipika ni hapana. La pili amelitundika ukutani, hata halishushi. Hotelini anakwenda na lile la kwanza, anapiga nyimbo tatu zile zile ambazo hazihitaji vidole vya mwisho, anazizungusha tu, na wateja hawajagundua. Hilo ndilo linalomuumiza zaidi, kwamba hawajagundua.

Tafadhali liruhusu lije, hata kama hujaligusa.

Mdogo wako


5 Aprili

Shemeji,

Kaa chini kwanza.

Barua yangu ya tarehe 27, ile ya kukubali kosa, ilikuwa uongo. Dada yangu aliniandikia kuhusu mkono wako. Usimgombeze, alikuwa anakutafutia kivuli. Akaniomba nijifanye gitaa lina kasoro, nikakubali, nikiamini halina. Mpango wangu ulikuwa kulipangusa vumbi, kukaa nalo wiki mbili na kukurudishia.

Lilifika mwezi jana, Jumatatu asubuhi. Binti yangu ndiye aliyelifungua. Unamjua, amefanya kazi na mimi miaka kumi na mmoja, si mtu wa maneno mengi. Akaliweka gotini, akabisha kifuani kwa kiungo cha kidole kama tunavyobisha sote. Mara mbili. Akanitazama.

"Baba, hili ni gitaa au mlango?"

Nikamwambia aache utani. Akabisha tena.

"Unasikia nini?"

"Nasikia gitaa."

Akaenda rafuni, akachukua kifua kingine tulichokimaliza mwaka juzi, akakibisha. "Na hiki?"

Nikasema nasikia vilevile. Akaviweka vyote viwili mezani, polepole, kama vitu vinavyoweza kuamka. Halafu akaniuliza, "Tangu lini, baba?"

Sijui tangu lini. Hapa karakana tuna birika la filimbi. Nilidhani filimbi yake imekufa. Kumbe miaka miwili linapiga kelele na yeye ndiye anayekimbia kuliepua, akidhani mimi ni mvivu. Simu si mbovu, shemeji. Miaka thelathini nimesimama kando ya msumeno wa umeme bila kuziba masikio, nikiwacheka wanaoziba. Nyinyi mkiongea mbele yangu nawasikia. Vitu vya juu ndivyo vilivyoondoka, kimoja kimoja, bila kuaga.

Ubao ukibishwa una sauti mbili. Kuna mguno wa chini, huo bado ninao. Na juu yake kuna kengele ndogo. Kengele ndiyo inayokuambia simama hapa, usikate tena. Nilipokuwa nakata kifua cha gitaa lako, kengele haikuja. Nilingoja. Nikaogopa. Ubao mnene utaupunguza hata kesho, lakini uliokatwa kupita kiasi umeshauua. Basi nikauacha mnene, nikaandika vipimo vizuri daftarini, nikakutumia mlango uliopakwa vanishi. Ulipolalamika moyo wangu ulijua, ndiyo maana nilikujibu kwa ukali. Na dada yangu aliponiambia kuhusu vidole vyako nilifurahi, kwa sababu ilimaanisha kosa si langu. Sasa unajua na hilo.

Wiki nne nilizonyamaza sikufanya kitu. Nakuja, nafagia, nafunga, narudi nyumbani. Sijawahi kuchoka hivi, na kazi yenyewe sijafanya.

Hapo ndipo tulipo. Ukiwajibu wale watu hapana kwa sababu ya mkono, hilo ni lako, nami nitalinyamazia. Usiwajibu hapana kwa sababu ya gitaa.

Randa


12 Aprili

Shemeji,

Barua yako nimeisoma nimesimama, maana sipendi kuamrishwa. Nikaishia kukaa.

Nianze na la kuchekesha. Mimi nilisema gitaa ni baya huku nikiamini ni zuri. Wewe ukakubali ni baya huku ukiamini ni zuri. Kumbe ni baya. Tungepeleka mchezo huu redioni wangesema tumetia chumvi. Nilicheka mpaka dada yako akatoka bafuni na povu kichwani kuuliza nani amekufa. Nimemgombeza kidogo, kwa heshima ya nyumba tu, kisha nikamshukuru.

Sasa lisilochekesha. Vidole viwili vimelala. Natazama kidole kidogo kikigusa uzi, lakini habari haifiki. Daktari amenipa tarehe ya kupasuliwa kiwiko, 24 Juni. Nimemwuliza, vitarudi? Akasema vinaweza kurudi, vinaweza kubaki hivyo, cha hakika ni kwamba kiwiko kisipopasuliwa hata hivi vingine vitafuata. Nilipenda alivyosema bila kuzungusha. Umri huu mtu huchoka kufarijiwa.

Umeniambia ulifurahi kwa ajili ya ganzi yangu. Haya, pokea na yangu. Niliposoma kuhusu masikio yako, kitu cha kwanza nilichowaza ni kwamba noti zile zilizokuwa zinakufa, labda si zote nilizoua mimi. Nikafurahi. Tumelingana.

Nimewapigia wale watu nikawaambia kila kitu. Nilitegemea waniage. Mkubwa wao akasema, "Mzee, njoo na nyimbo ulizonazo." Tumesogeza tarehe hadi katikati ya Juni, kabla ya kisu.

Lakini sina la kupigia. La kwanza linataka nikimbie, na siwezi. La pili lina shingo nene kama ya fahali, halitaki vidole viwili. Lililobaki ni hilo ulilonalo. Mwachie binti alikate. Najua ninachokuomba.

Gumba


10 Mei

Shemeji,

Nakutumia gitaa. Nguo ya dada yangu iko mahali pake, imefuliwa.

Sikumwachia binti mara moja. Nilimwambia yeye asikilize, mimi nikate. Tuliondoa nyuzi, nikaingiza mkono tunduni na randa ile ndogo inayokaa ndani ya kiganja, nikaanza kupunguza mbavu, vile vijiti vinavyoshikilia kifua kwa ndani. Nakata, natoa mkono, yeye anabisha, ananiambia endelea. Siku mbili tulikwenda hivyo, na nilianza kuamini tunaweza kuzeeka na mpango huo. Siku ya tatu alisema simama, mkono wangu uko ndani. Nikakata mara moja zaidi. Sikukaidi. Sikumsikia. Akanishika kiwiko.

Nikaitoa randa, nikampa.

"Baba, hukuharibu," akasema. "Bado."

Hiyo "bado" ndiyo iliyonimaliza. Kuanzia hapo kazi ni yake. Mimi nilishika taa. Mbavu amezikata yeye, kifua amekipunguza kwa msasa kuzunguka kingo, akapaka vanishi upya, nyembamba kuliko yangu. Shingo nilimwomba aniachie, kwa kuwa shingo haihitaji sikio, inahitaji kiganja. Nimeipunguza kwa ajili ya mkono wako. Nimeushusha na mfupa wa darajani unaobeba nyuzi, nazo zimekaribia ubao, kwa hiyo hutahitaji kubana, utahitaji kugusa tu.

Anasema uzilegeze nyuzi zote chini kidogo ya kawaida, na mbili uzifunge kwa sauti tofauti. Amekuandikia kwenye karatasi. Anasema pia uache nyuzi zilie wazi kadiri unavyoweza, usizishike bila sababu. Nilimwambia mtu huyo alianza kupiga gitaa kabla yeye hajazaliwa. Akasema, "Si hili."

Ndani ya tundu palikuwa na karatasi yangu yenye jina la karakana. Nimeibandua. Iliyopo sasa ni yake, na mwandiko ni wake. Magitaa yatakayotoka hapa yatakuwa na karatasi hiyo. Mimi nitakata shingo na kufagia.

Ukisharekodi usinitumie nakala. Nitaiweka, nitasikia besi yako ikitembea na juu yake hakuna mtu, nami sitaki kukusikia hivyo. Niandikie. Macho bado ninayo.

Randa


21 Juni

Shemeji,

Nimemaliza. Keshokutwa naingia hospitali, kwa hiyo naandika leo mkono ukiwa bado wangu wote, hata vipande vilivyolala.

Niliwaahidi nyimbo kumi na mbili, nimewapa saba. Nne nilizoziacha ni za mbio, nimeziaga bila machozi. Moja niliiacha kwa sababu dada yako alisema ninaipenda kuliko inavyostahili, na yeye ndiye bingwa wa mambo hayo.

Kuhusu gitaa. Siku nne za kwanza nililichukia. Linajibu kabla hujamaliza kuuliza. Nilizoea kulazimisha, vidole vyangu vina misuli ya kuzishinda kelele za vijiko, na hapa kila nikilazimisha linapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa. Siku ya tano nilikuwa nimechoka mno hata kulazimisha. Nilikaa kitandani nikagusa uzi mmoja tu, mnene, uliofungwa jinsi binti alivyoandika, na kabla hata sijagusa mwingine chumba kilikuwa kimeshajaa. Nikangoja. Sijawahi kungoja katika muziki, shemeji. La kwanza lilinifundisha kuogopa kimya na la pili kutembea juu yake. Hili linakaa nacho tu, kama wazee wawili kibarazani. Nilichukua nyimbo zangu moja moja nikawa natoa noti, kama unavyotoa samani chumbani. Nilidhani mwisho chumba kitakuwa kitupu. Kilikuwa kipana.

Mwambie binti alikuwa na haki. Mwambie niliandika neno hilo kwa herufi kubwa, kisha nikaona ni kelele, nikaandika upya kwa ndogo.

Sasa nilipe deni la barua yako, nikuandikie wimbo. Nachagua wa tano, ambao hauna jina. Unaanza na besi tatu zinazoshuka, polepole. Hizo ungezisikia. Ni mtu anayeteremka ngazi akishika ukuta. Halafu gumba linabaki chini, linarudia hatua ile ile, na vidole viwili vya kushoto, viwili tu vilivyo hai, vinaanza kupanda nyuzi nyembamba. Havibani karibu chochote. Vinagusa na kuondoka, na kila vilipopita panabaki panalia, noti ya nyuma inaikuta ya mbele, zinasalimiana, zinapishana. Katikati nilikosea. Kidole cha pete kilitaka kusaidia, kikaangukia uzi usiohusika, ukalia. Fundi wa mitambo alinitazama kupitia kioo kama tusimame. Niliendelea. Noti ile ya makosa ilikuwa bado inalia, nikaifuata, na wimbo ukapita njia ambayo sikuwa nimeipanga. Tuliporudia mara ya pili bila kosa haukuwa mzuri, tukauchukua ule wa kwanza.

Mwisho wake ni noti moja ya juu kabisa, nyembamba. Najua ni katika zile zilizokuhama. Niliigusa, nikaondoa mikono yote miwili kwenye gitaa, nikaipakata mikono kama mtoto mwenye homa. Ikaendelea. Dada yako alikuwa ameketi pembeni na mkoba magotini. Fundi wa mitambo aliinua kidole tusitikisike. Noti ikawa ndogo, ikawa ndogo tena. Tulikaa hivyo muda mrefu sana, hakuna aliyepumua. Hatimaye yule fundi akauliza kwenye spika, kwa sauti ya kunong'ona, "Imekwisha?"

Tulitazamana. Watu watatu wenye masikio mazima, shemeji, na hakuna aliyejua.

Wako,
Gumba